Hodi Mia Tatu na Kumi na Mbili

Saa saba mchana, jua likiwa limekaa juu ya paa kama mgeni asiyejua kuaga, kompyuta ya Usijali ilimwambia kuna mtu mlangoni.

Usijali akageuka. Mlango ulikuwa wazi. Nje yake palikuwa na ujia, ndoo ya deki na dekio lililoegemea ukuta. Mtu hakuwepo. Akarudi kwenye skrini, akafuta miwani kwa ncha ya shati, akasoma tena.

*Onyo: 1. Mstari 0: kuna mtu mlangoni.*

Sasa kabla hatujaogopa, na tutaogopa, msiwe na haraka, tumjue kwanza huyu bwana. Alikuwa na miaka arobaini na sita na tumbo lililofika kazini dakika mbili kabla yake. Kazi yake ilikuwa kuandika programu za mashine za kulelea watoto njiti, yale masanduku ya kioo yanayompa joto mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Ofisi ilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Alifanya kazi na mwanamke mmoja aliyekuwa zamani akifundisha hesabu, ambaye hata baada ya kuacha chaki miaka tisa watu walimwita Mwalimu, na hata baada ya kuacha fimbo miaka tisa watu walikaa wima akipita.

Programu huandikwa na mtu, lakini mashine haisomi maandishi ya mtu. Katikati yao yupo mkalimani, chombo kinachokusanya mistari yote, kinaikagua, kisha kinaijenga iwe kitu kimoja ambacho mashine inaelewa. Pale ofisini walikiita Mjenzi. Mjenzi akikuta jambo lisilowezekana hutangaza kosa na kugoma kabisa. Akikuta jambo linalowezekana lakini linamtia shaka, hutoa onyo, halafu anaendelea na kazi huku akinung'unika. Kosa ni gari lisilowaka. Onyo ni mkeo anayekwambia mafuta yanaisha, na wewe unamjibu unalijua gari lako.

Usijali alilijua gari lake. Mjenzi akitoa onyo, yeye alisema, "Usijali, hilo ni onyo tu, si kosa," akaandika alama ya kulinyamazisha, na maisha yakaendelea. Ndiko lilikotoka jina. Ofisi ilikuwa na desturi moja iliyowekwa na Mwalimu: anayenyamazisha onyo aandike jina lake kando ya alama, ili siku ya kuulizana tusitafutane. Kwa hiyo ndani ya programu ile, kando ya maonyo mia tatu na kumi na mbili, jina lilikuwa moja tu. Usijali. Usijali. Usijali.

Na programu hiyo, tangu juzi, ilikuwa ndani ya mashine sita za hospitali iliyokuwa mitaa miwili kutoka hapo. Ndani ya mashine ya tatu alilala binti wa mdogo wake wa kike, mtoto wa siku tano, uzito wake kilo moja na robo, bado hajapewa jina.

"Mwalimu," akaita, "umechezea kompyuta yangu?"

"Nichezee nini humo? Makombo?"

"Njoo usome."

Mwalimu akaja, akasoma, akakunja uso. "Mstari sifuri haupo. Mistari inaanza moja."

"Si ndiyo nashangaa."

"Basi usishangae, tafuta."

Lakini ilikuwa saa saba, na chakula kilikuwa kinapoa kwenye bakuli. Usijali alifanya alichofanya mara mia tatu na kumi na mbili. Akanyamazisha, akaandika jina lake, akamwamuru Mjenzi ajenge upya.

*Maonyo: 2.*
*Mstari 0: bado yupo mlangoni.*
*Mstari 0: ameambiwa asijali.*

Ngo. Ngo. Ngo.

Sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka ndani ya boksi la kompyuta, chini ya meza, karibu na goti lake, na ilikuwa sauti ya kifundo cha kidole kwenye bati. Usijali akavuta mguu wake polepole kama anayeutoa kinywani mwa mbwa aliyelala.

"Feni imelegea," Mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayeiomba feni iwe imelegea.

Ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua kisha zikamwagiwa maji. Ilijaa kwanza chini, miguuni, ikapanda hadi magotini, na Mwalimu akajikuta ananyanyua sketi yake kidogo kama anayevuka dimbwi.

Simu ikalia. Alikuwa mdogo wake, kutoka wodini, akinong'ona kama wanavyonong'ona wenye watoto waliolala.

"Kaka, samahani nakusumbua kazini. Mtoto anatoka jasho."

"Mashine inasomaje?"

"Thelathini na sita. Muuguzi kapima, kasema iko sawa. Lakini nywele zake zimelowa, kaka. Na kuna harufu."

"Harufu ya nini?"

"Kama kitu kimeungua. Wenzangu hawaisikii. Halafu wametutangazia saa kumi watajaribu jenereta, umeme utakatika dakika moja urudi. Ndiyo nikasema nikuulize, mashine zikizima na kuwaka hakuna neno?"

"Hakuna neno. Us..." Akajikuta amelimeza jina lake mwenyewe.

"Ndivyo ulivyosema asubuhi," mdogo wake akasema. "Ila mbona hukuingia? Umesimama tu nje ya kioo."

"Asubuhi ipi?"

"Leo. Nilikuwa nusu usingizini. Nimesikia hodi mara tatu, nimefumbua macho nikakuona kwenye kioo cha mlango, ukasema 'usijali', ukawa unaningoja. Nilitaka kukukaribisha, usingizi ukanichukua. Nilipoamka hukuwepo."

"Dada," Usijali akasema, na jasho lilikuwa linamshuka nyuma ya masikio kama mkojo wa mjusi, "asubuhi nilikuwa hapa. Sijatoka."

Kisha mdogo wake akasema kwa sauti ndogo sana, "Basi yule alikuwa nani?"

Na ndani ya boksi, chini ya meza, kitu kikagonga tena, ngo, ngo, ngo, taratibu, bila hasira, kama anayejua kwamba mwenye nyumba yumo.

*

Mtu mwingine angekimbilia hospitali moja kwa moja. Usijali alifika hadi ngazini, akasimama. Angesema nini? Zima mashine sita zinazoonyesha namba nzuri, watoe watoto wa kilo moja kwenye joto lao, kwa sababu kompyuta yangu imepiga hodi? Wangempeleka wodi nyingine kabisa.

"Usishuke," Mwalimu akasema nyuma yake. "Nakwenda kumwita shangazi."

Shangazi yake Mwalimu aliishi jengo la pili. Alikuwa amepokea simu na kuziunganisha kwenye ubao wa simu wa shirika moja kubwa kwa miaka thelathini, na kwa miaka hiyohiyo, baada ya kazi, alipunga majini waliowapanda watu. Watu walidhani ni kazi mbili. Yeye alisema ni moja: zote ni kujua nani yuko upande wa pili na anataka nini.

Alifika akitweta kwa ngazi, kibibi mwembamba mwenye soksi za sufu mchana wa jua kali, akanusa, akakohoa, akamtazama Usijali kutoka tumboni hadi usoni.

"Wewe ndiye mwenye nyumba?"

"Shikamoo, shangazi. Nyumba ipi?"

"Marahaba. Hii." Akaelekeza kidole kwenye skrini. "Hodi ngapi zimepigwa humu hukujibu?"

Mwalimu ndiye aliyejibu. "Mia tatu na kumi na mbili, shangazi. Na moja ya leo."

"Toba!" Kibibi akavuta kiti, hakukikalia, akakishika tu mgongo. "Sikiliza, baba. Mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, huondoka. Asiye mtu hungoja. Na nyumba ambayo hodi haijibiwi, kwao wale hilo ni hame, nyumba iliyohamwa. Wanaingia, wanakaa, wanafagia na uwanja. Wewe hukumwalika, hapana. Umemwambia tu kwamba hapa hakuna mwenyewe. Na kila mara umetia sahihi."

"Sasa nifanyeje?"

"Fungua midomo yote uliyoiziba. Kisha uliza mmoja mmoja, kama tulivyokuwa tukiuliza kwenye ubao wa simu. Nani mwenzangu? Unapiga kutoka wapi? Una shida gani? Asiye na neno mwache, lakini umjue. Mwenye neno mtimizie. Atakayekataa kujibu, ndiye huyo."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasoro kumi.

Usijali aliondoa alama zote kwa pigo moja, akamwamuru Mjenzi ajenge. Maonyo yakamwagika skrini nzima, mistari kwa mistari, yakashuka kwa kasi kama mchele wa gunia lililotoboka, na kila lilipopita, ndani ya boksi kulisikika mguno mdogo, guno la mtu aliyezibwa mdomo siku nyingi akazibuliwa.

Wakaanza. Mwalimu anasoma, Usijali anajibu, shangazi anasikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Mstari wa kumi na nne. Jina limetajwa, halitumiki popote."

"Huyo... nilikusudia kumtumia nikasahau. Namtoa."

"Mstari wa sitini. Mlango huu hakuna njia ya kuufikia."

"Nao nautoa."

"Mstari wa themanini na tisa. Namba kubwa inatiwa kwenye chombo kidogo, itakatwa mkia."

"Aisee. Huyo ana haki. Napanua chombo."

"Na hukuwahi kumsoma?"

"Mwalimu, nisute kesho."

Ikawa kweli kazi ya ubao wa simu. Wengi walikuwa hawana neno, wanalalamika kama majirani, ukiwasikiliza wanatulia. Wengi walikuwa mdomo mmoja unaorudia, ukijibiwa mara moja wananyamaza arobaini. Mia tatu wakawa mia mbili, wakawa tisini. Na kadiri hesabu ilivyoshuka ndivyo chumba kilivyobadilika, maana feni ya darini ilisimama yenyewe, na kelele za duka la magodoro chini zikakatika kama zimefunikwa shuka, na ile harufu iliyokuwa magotini ikafika kifuani, ikafika shingoni, hata wakawa wanasoma huku wameinua videvu, watu watatu wazima kwenye chumba kikavu wanaoogopa kuzama.

Saa tisa na dakika tano likabaki moja.

Mwalimu akalisoma kimoyomoyo. Usijali aliona midomo yake inakufa rangi.

"Soma kwa sauti," shangazi akasema.

"Mstari wa mia mbili na saba. Kiwango cha joto kinasomwa kabla hakijapewa thamani."

Usijali akafumba macho. Sasa alielewa, na kuelewa kulikuwa kubaya kuliko kutojua. Programu ilitenga nafasi ndani ya mashine, ikaipa jina, hapa ndipo patakaa kiwango cha joto la mtoto. Lakini mashine ikizimwa na kuwashwa ilikuwa inasoma nafasi ile kabla haijatiwa namba, kama kiti kabla hajaketishwa mtu. Na nafasi ndani ya kompyuta haiwi tupu, huwa na chochote alichoacha aliyekuwemo. Juzi mashine zilipowashwa kilichokuwemo kilikuwa chema, kwa bahati. Saa kumi umeme ungekatika, ukarudi, na mashine sita zingeuliza: watoto tuwape joto kiasi gani? Angejibu yeyote aliyekuwa amekaa kwenye kile kiti.

"Tazama nani kakaa," shangazi akanong'ona.

Usijali akaiomba kompyuta imwonyeshe kilichomo. Ikaonyesha namba tisini na moja. Maji ya chai huanza kuimba hapo.

"Nani mwenzangu?" shangazi akauliza.

Shangazi akamsukuma Usijali begani.

"Uliza wewe. Nyumba ni yako."

"N-nani mwenzangu?"

Na nyuma yake, karibu sana, pale ambapo Mwalimu hakuwa amesimama wala shangazi hakuwa amesimama, sauti nene yenye mkwaruzo kidogo, sauti ya mtu mnene aliyepanda ngazi, sauti aliyoijua kuliko zote duniani kwa kuwa ilikuwa yake mwenyewe, ikamwambia sikioni kwa upole kama wa mtu anayemfunika mwenzake blanketi, "Usijali. Hilo ni onyo tu."

"Usigeuke!" shangazi akasema. "Unapiga kutoka wapi, mwenzangu?"

"Mstari sifuri," ikajibu. "Kabla ya mwanzo. Mlangoni."

"Jina lako nani?"

"Usijali."

"Hilo lina mwenyewe!" Kibibi akakigonga kiti sakafuni. "Baba, futa jina lako! Futa mahali lilipo, andika thamani, mkalishe mwenye haki!"

Jina lake lilikuwa bado limesimama kando ya mstari wa mia mbili na saba. Usijali aliweka kidole kwenye kitufe cha kufutia, na vitufe vilikuwa vya moto, na kila herufi aliyoifuta ilirudi, na akaifuta tena ikarudi tena, huku ile pumzi ya nywele zilizoungua ikimpulizia shingoni na sauti yake mwenyewe ikimhesabia bila kuchoka, usijali, usijali, usijali, moja kwa kila onyo alilowahi kulipuuza, hadi akasikia kilio, kilio chembamba cha mtoto mdogo kutoka ndani ya boksi chini ya meza, na hapo kitu ndani yake kikakatika, akapiga kelele kubwa kuliko tumbo lake, "NINAJALI!"

Jina likafutika. Akaandika, huku anasoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza, "Thelathini. Na. Sita." Akamwamuru Mjenzi.

*Maonyo: 0.*

Feni ikazunguka. Chini, mtu alikuwa anabishana kuhusu godoro. Mwalimu alikaa sakafuni, akalia kidogo, akajipangusa, akamwambia Usijali ole wake amwambie mtu.

Shangazi hakukaa. "Hajafa," akasema. "Hawa hawafi, wanahama. Ametolewa nyumba hii. Ameshapenda sauti yako, atapiga hodi nyingine. Basi nisikilize vizuri. Wewe sasa utataka kujibu kila hodi, nakujua, mtu aliyeungua hupuliza hata maji baridi. Usijibu 'karibu' kwa usichokiona. Uliza kwanza nani, uone uso, ndipo ukaribishe. Penye mwenyewe, yeye haingii asipokaribishwa. Na uwaambie wa kwenu wote. Huyo mwenye mtoto mwambie wa kwanza."

"Nitamwambia, shangazi."

"Leo."

"Leo hii."

*

Hakuwahi kukimbia vile, na walioonekana wakikimbia naye mtaani walikuwa wanakimbia kumpisha. Alifika wodini saa tisa na dakika ishirini na tano. Hakusema jini. Alisema alichokielewa, mstari kwa mstari: kuna nafasi inasomwa kabla haijajazwa, umeme ukirudi mashine zitachoma. Muuguzi mkuu alimsikiliza hadi mwisho, akageuka, akatoa amri. Akina mama sita walifungua vifua, watoto sita wakatolewa kwenye vioo, wakalazwa ngozi kwa ngozi, wakafungwa khanga. Usijali alikwenda mashine hadi mashine na programu mpya. Alipomaliza ya sita taa zikazimika.

Dakika moja. Zikawaka.

Thelathini na sita. Thelathini na sita. Mashine zote sita.

Mdogo wake alimtazama juu ya kichwa cha mtoto, kichwa chenye ukubwa wa chungwa. "Kaka, ilikuwa nini? Na yule wa asubuhi?"

Alikuwa amechoka. Macho yake yalikuwa mekundu, mshono ulikuwa unamuuma, siku tano hajalala. Usijali alifikiri: nimtie hofu mzazi wa siku tano? Kesho. Akishapata nguvu. Akamshika bega, na maneno yakatoka yenyewe kwa mazoea ya miaka.

"Usijali."

Kesho ikawa keshokutwa. Mtoto akaongezeka gramu ishirini, gramu arobaini, akapewa jina, akatoka hospitali wiki ya saba. Mambo yakawa mazuri, na mambo yakiwa mazuri nani hurudisha maneno ya kutisha mezani?

Siku ya kwanza nyumbani Usijali alikwenda kumwona. Ilikuwa saa saba mchana. Mtoto alilala sebuleni kwenye kitanda chake kidogo, kando yake kiti kimoja cha mgeni. Mdogo wake alikuwa jikoni anakunja nepi, mgongo kwa mlango. Usijali, ambaye sasa hakumgusa mtoto bila kunawa hadi viwiko, alikuwa ameingia kimyakimya asimwamshe, mdogo wake hana habari, akapita moja kwa moja bafuni, maji yanatiririka, sabuni mikononi.

Nje ya mlango mtu akasema, "Hodi."

Sauti nene. Mkwaruzo kidogo. Kama mtu mnene aliyepanda ngazi.

Usijali akafunga bomba. Akafungua mdomo.

"Karibu, kaka!" mdogo wake akaitikia kutoka jikoni, kwa furaha, bila kugeuka. "Pita ndani, mlango uko wazi!"

Alitoka bafuni mbio, povu linamdondoka. Pazia la mlango lilikuwa linarudi mahali pake, taratibu, kama lilivyo baada ya mtu kupita. Sebuleni hapakuwa na mtu. Harufu ilikuwa miguuni tu, bado changa. Na kile kiti cha mgeni, kando ya kitanda cha mtoto, kililia kwa mbao zake zote, kilio ambacho kiti hutoa kikikaliwa na mtu mzito.

Mdogo wake alisimama kwenye mlango wa jikoni, nepi mkononi. Alimtazama kaka yake anayetoka bafuni. Akatazama mlango. Akatazama kiti.

"Kaka," akanong'ona, "si umeingia sasa hivi?"

Usijali alitaka kumwambia. Kabla hajapata sauti, kutoka kwenye kiti, kwa upole, mdogo wake alijibiwa.

"Usijali."